Lumbesa ya nyanya: uchambuzi wa mzigo mmoja kutoka Ilula hadi Dar es Salaam

Mwezi wa nane, mzigo wa matenga 60 ya nyanya uliondoka Ilula, wilayani Kilolo, saa moja jioni. Kulipopambazuka ulikuwa sokoni Dar es Salaam. Saa tatu asubuhi dalali akampigia simu mwenye mali: "Mama, mzigo umetoa maji. Matenga ya chini yanachuruzika, wachuuzi wanayazunguka tu. Niuze kwa bei iliyopo?" Mama akamwambia auze. Alipotoa nauli, ushuru, kamisheni, kupakia na kupakua, na bei ya matenga yenyewe, kilichobaki hakikutosha kulipa mbolea aliyokuwa anadaiwa kwenye duka la pembejeo.

Familia hii inalima ekari moja na nusu ya nyanya kwa maji ya mfereji: mama, mumewe na vijana wao wawili. Majina yao nimeyaacha, na ya dalali, dereva na soko pia, kwa sababu yaliyowapata yanawapata wengi katika ukanda huu na sitaki yaonekane ya mtu mmoja. Kazi yangu ni ugani wa mboga na matunda. Nilipofika kwao kila mmoja alikuwa na maelezo yake. Dalali alisema dereva alichelewa. Dereva alisema nyanya zilipakiwa zikiwa zimeshaiva. Mzee alilaumu mbegu, akisema za zamani zilikuwa ngumu kuliko hizi. Kijana mkubwa alisema ni kantangaze, yule mdudu anayetoboa nyanya, ambaye ametusumbua Tanzania tangu alipoonekana mwaka 2014.

Mama alinisikiliza, kisha akasema, "Mwanangu, kila mtu ananiambia lake. Twende tukaangalie wenyewe."

Basi mchumo uliofuata kwenye shamba lilelile tuliufuata kuanzia shambani hadi sokoni, bila kubadili chochote. Walichuma kama walivyozoea, wakapanga kama walivyozoea, gari likawa lile lile la fuso linalokusanya mizigo ya wakulima kadhaa. Tulichofanya ni kufunga vitambaa vyekundu kwenye matenga mawili: moja lililopangwa safu ya chini kabisa karibu na kichwa cha gari, jingine safu ya juu kabisa nyuma. Nikawa na kipimajoto cha kuchoma, kisu, na mizani ya kuning'iniza.

Ndani ya matenga

Tenga la chini tulilifungua sokoni alfajiri, kwa mwanga wa tochi, tukalimwaga tabaka kwa tabaka juu ya turubai. Nalieleza kwa urefu kwa sababu majibu karibu yote yalikuwa humo.

Juu kabisa, chini ya fito za kufungia, palikuwa na nyasi zilizogandamana na nyanya zilizopasuka. Hizi ndizo zilizokuwa lumbesa, ile sehemu iliyopanda juu ya ukingo wa tenga. Zilikuwa bapa, ngozi imeachana na nyama, na maji yake yalikuwa yameshateremka chini.

Katikati zilionekana nzima. Ukizitazama tu ungesema mzigo ni mzuri. Lakini mkono ukiingia humo ulikuta joto, na kipimajoto kikasoma nyuzijoto 33, ilhali hewa ya pale sokoni alfajiri ile ilikuwa nyuzijoto 24. Nyanya nyingi za tabaka hili zilikuwa na rangi ya machungwa, manjano yaliyochanganyika na wekundu hafifu, na zilikuwa laini kuliko rangi yake. Nilizikata kadhaa. Katika baadhi, ule ute unaozunguka mbegu ulikuwa na ukungu-ukungu, wa kijanijani, wakati nyama ya pembeni imeshaanza kuwa nyekundu.

Chini kabisa palikuwa na majimaji. Nyanya zilikuwa na michirizi iliyonyooka, alama za mbao zenyewe, na nyingine zilikuwa zimechanwa na ncha za misumari iliyotokeza ndani. Zilizokuwa na vikonyo vyake zilikuwa zimewatoboa jirani zake. Harufu ilikuwa ya kuchachuka. Nyanya moja iliyooza upande ilikuwa imeloweka nyingine sita au saba zilizoizunguka.

Tenga la juu lilikuwa tofauti kabisa. Hakuna kilichopasuka kwa kubanwa. Lakini tabaka lake la juu lilikuwa limechubuka: ngozi imefifia, ina mabaka makavu, kama imesuguliwa kwa brashi. Na rangi ile ya machungwa ilikuwepo humu pia.

Kila alama katika hizi ina chanzo chake, na ukizitenganisha unajua uharibifu ulitokea wapi. Michirizi ya mbao na nyanya bapa ni kubanwa. Michano ni tenga baya. Mabaka makavu ya juu ni mtikisiko, maana nyanya za juu ya shehena ndizo zinazorukaruka na kujisugua, hasa zikiwa nyuma ya ekseli. Ute wenye ukungu-ukungu ni pigo: nyanya iliangushwa au kurushwa ikiwa bado ngumu, kwa nje haikuonyesha kitu, ila ndani ule ute ukashindwa kuiva sawasawa. Na rangi ya machungwa ni joto. Wekundu wa nyanya unatokana na laikopini, na nyanya ikikaa kwenye joto linalozidi nyuzijoto 30 hivi, laikopini haitengenezwi vizuri. Nyanya inalainika, inazeeka, lakini haiwi nyekundu. Mteja wa Dar es Salaam akiiona anasema ni nyanya mbichi iliyolazimishwa kuiva, kumbe ilipikwa na joto tangu shambani.

Kantangaze nilimkuta katika nyanya chache tu. Alikuwepo, lakini hakuwa yeye aliyemwaga maji ya mzigo ule.

Kurudi nyuma hadi shambani

Siku ya kuchuma vibarua walianza saa tatu asubuhi, kwa kuwa wengi wao hutoka kwanza kwenye kazi za nyumbani. Walilipwa kwa ndoo. Mtu anayelipwa kwa ndoo anachuma kila anachokiona chenye dalili ya rangi, na anakimwaga haraka ili arudi kujaza nyingine. Ndoo zilimwagwa kwenye turubai lililotandikwa pembeni mwa shamba, juani, kutoka kimo cha kiuno. Lundo likakua. Saa nane mchana nilichoma kipimajoto kwenye nyanya ya juu ya lundo, kikasoma nyuzijoto 39. Kwenye kivuli cha mwembe, hatua chache kutoka hapo, hewa ilikuwa nyuzijoto 27.

Nyanya ikishachumwa bado ni kitu hai. Inapumua, inatumia sukari na maji yake, na haina tena mzizi wa kuirudishia. Joto likipanda kwa nyuzi 10, upumuaji wake huongezeka mara mbili hadi tatu. Maana yake saa chache za lundo lile juani zilikula muda ambao nyanya ingeutumia ikiwa nzuri mezani kwa mchuuzi. Tena upumuaji wenyewe unazalisha joto, kwa hiyo ukizifungia kwenye tenga zikiwa zimeshika moto, katikati ya tenga hapapoi. Ndiyo sababu alfajiri ya siku ya pili, baada ya usiku mzima, tulikuta nyuzijoto 33 mle ndani.

Lundo lilikuwa mchanganyiko: za kijani zilizokomaa, zinazoanza kupiga rangi, na zilizoiva kabisa. Iliyoiva ni laini kwa hiyo inapasuka kwanza, na inatoa gesi ya ethilini inayozisukuma nyingine ziive haraka. Kwa safari ndefu, nyanya inayofaa ni ile inayoanza kubadilika, ambayo wekundu wake bado ni doa dogo chini kwenye kitako. Ya kijani kabisa inaweza kusafiri pia kama imekomaa kweli, na kuna jaribio rahisi ambalo vijana wa nyumba hii walilishika mara moja: ikate kwa kisu chenye makali, kama mbegu zinateleza pembeni zisikatwe na ute umeshajaa, imekomaa. Kama kisu kimekata mbegu, hiyo itasinyaa bila kuiva vizuri.

Kupanga kulianza saa tisa. Matenga yalikuwa ya mbao za paini, zile za pembeni ambazo viwanda vya mbao vya huku kwetu huuza rahisi. Hazikupigwa randa, na misumari ilipigwa kutoka nje ikatokeza ndani. Kina cha tenga kilikuwa sentimita 45. Hapo hujaweka lumbesa.

Barabara nayo ina sehemu yake, na nisingependa ionekane naiachilia. Kutoka Ilula hadi Dar es Salaam ni takribani kilomita 450. Ilula ni nyanda za juu, jioni kuna ubaridi. Gari likishuka kona za Kitonga linaingia bonde la Ruaha Mbuyuni, ambako joto ni la nchi nyingine kabisa. Kisha Mikumi, ambako barabara inakatiza hifadhi na kuna matuta ya kupunguza mwendo kwa ajili ya wanyama. Dereva wetu alikuwa mtulivu, alipunguza mwendo kwenye kila tuta. Hata hivyo kila tuta lilikuwa pigo jingine kwa nyanya zilizobebeshwa uzito zisioweza kuubeba. Uzito huo ndio kiini cha kisa hiki.

Hesabu ya lumbesa

Tenga limeundwa ili mbao zake zibebe mzigo. Ukipanga tenga juu ya tenga, fremu ya la juu inakaa juu ya fremu ya la chini, na nyanya zinabeba uzito wao wenyewe tu. Lakini ukijaza hadi kupita ukingo, ukaongeza nyasi na kukaza fito kwa misumari, tenga la juu haligusi tena mbao. Linakaa juu ya nyanya. Safu zikiwa tano, nyanya za tenga la chini zinabeba matenga manne, na gari likiruka tuta uzito huo unaongezeka kwa muda mfupi kisha unashuka, tena na tena hadi Dar es Salaam. Hakuna mbegu itakayovumilia hilo. Mbegu ya familia hii ilikuwa Tanya, ambayo ngozi yake ni ngumu kuliko nyingi.

Tulipima. Tenga la chini liliondoka Ilula likiwa na kilo 52 za nyanya. Sehemu iliyozidi ukingo ilikuwa kama kilo 9. Sokoni tulitoa kando zote ambazo mchuuzi asingezipokea: kilo 17. Tenga la juu, lililopakiwa vilevile ila halikubebeshwa kitu, lilikuwa na kilo 6 zisizouzika. Kwa hiyo zile kilo 9 za nyongeza zilifika Dar es Salaam zikiwa uji, na zikaondoka na nyingine zilizokuwa chini yake. Mchuuzi aliyedai lumbesa ili apate zaidi alipata pungufu.

Matenga mawili ni machache na nisingependa mtu ayachukue kama takwimu za ukanda mzima. Lakini mama alipoona nyanya hizo zimemwagwa mbele yake kwa mafungu mawili, nzima na mbovu, alikaa kimya kwa muda, kisha akamwita dalali aje aone naye.

Mazungumzo yao nayaandika karibu na yalivyokuwa, kwa kuwa ndiyo yanayoeleza kwa nini lumbesa haifi licha ya kupigwa marufuku miaka mingi. Sheria ya Vipimo ipo, Wakala wa Vipimo wapo, matangazo yanatolewa kila msimu.

"Shikamoo mama. Pole na safari."

"Marahaba, baba. Tazama hizi. Hizi ndizo nilizozijaza juu kwa sababu uliniambia nijaze."

"Mama, mimi sikukulazimisha. Hapa tenga lisilo na lumbesa halisogei. Mchuuzi anatazama kichwa cha tenga kwanza. Bei ni ya tenga, hakuna anayepima kilo."

"Na akifika nyumbani kwake akakuta chini ni maji?"

"Kesho anakuja kwangu na bei ya chini. Anasema nyanya za Iringa zinaoza."

Dalali alikuwa anasema kweli, na naona ni vyema kumtendea haki. Nauli pia hutozwa kwa tenga, kwa hiyo hata mkulima mwenyewe anaona faida kulishindilia: nyanya nyingi kwa nauli ileile. Msukumo unatoka pande zote mbili. Kila mtu anajaribu kuingiza zaidi ndani ya kipimo kisichohesabu uzito, na hasara inasambazwa kwa namna ambayo hakuna anayeiona nzima. Mkulima anaiona kama bei mbaya. Mchuuzi anaiona kama nyanya mbovu. Dereva anaiona kama lawama.

Kilichobadilishwa

Swali la kwanza la kijana mkubwa lilikuwa chumba cha baridi. Amesikia vinajengwa. Nilimshauri waache kwanza. Nyanya ya kijani au inayoanza kubadilika ikiwekwa kwenye ubaridi wa chini ya nyuzijoto 10 kwa siku kadhaa hudhurika: haiivi vizuri, inatoka na madoa, na inaoza upesi ikitolewa. Joto lake zuri ni kati ya nyuzijoto 12 na 15, na usiku wa Ilula wa mwezi wa nane hauko mbali na hapo bila senti ya umeme. Ubaridi walikuwa nao bure, walichokosa ni kivuli mchana.

Swali la pili lilikuwa kreti za plastiki. Hizo ni nzuri kweli. Ndani ni laini, zinaoshwa, kina chake ni sentimita 25 hadi 30 hivi, na zikipangwa hukaa plastiki juu ya plastiki. Shida ni kurudi. Tenga la mbao linauzwa na nyanya zake, safari yake inaishia sokoni. Kreti inabidi irudi Ilula, na kwa dalali anayepokea mizigo ya watu wengi kreti 60 hupotea kabla jua halijatua. Kwa familia isiyo na mtu wake sokoni, kuzinunua ni kuzitupa. Tukabaki na mbao.

Mchumo uliofuata walianza asubuhi, mara umande ulipokauka kwenye majani, wakaacha saa nne. Umande nao una maana yake: nyanya ikichumwa imelowa, maji yanabeba vimelea vya kuoza kutoka moja hadi nyingine, na kwenye tenga hayakauki. Vibarua walilipwa kwa siku, fedha ikiwa juu kidogo kuliko kawaida, na wakaambiwa wachume zinazoanza kubadilika tu na waondoe vikonyo. Mzee hakulipenda hili la malipo. Alisema kazi itasuasua. Ilisuasua kweli, ilibidi wachume siku mbili kile walichokuwa wanakimaliza kwa siku moja. Naona bado ilistahili.

Chini ya mwembe walijenga banda la nguzo nne na paa la nyasi, na meza ya fito iliyotandikwa magunia. Ndoo ilishushwa mezani, ikainamishwa taratibu, haikumwagwa. Pale mezani mama na mkwewe walichagua. Zilizoiva kabisa hazikwenda Dar es Salaam. Zilibebwa kwa baiskeli hadi kando ya barabara kuu, ambako kinamama wa Ilula huuza nyanya na vitunguu kwa sado kwa abiria wa mabasi. Zenye tundu, mpasuko au kitako kilichooza zilitolewa hapohapo, kwa kuwa moja tu inatosha kuloweka wenzake. Hawakuziosha. Vumbi kavu linafutika kwa kitambaa, lakini nyanya yenye joto ikitumbukizwa kwenye maji ya baridi ya mfereji huyavuta maji hayo ndani kupitia kovu la kikonyo, pamoja na chochote kilichomo.

Matenga yalikuwa yaleyale, ila vijana walipita na nyundo wakikunja kila msumari uliotokeza, wakatandika maboksi yaliyopasuliwa chini na pembeni, wakiacha nafasi kati ya mbao ili hewa ipite. Nyanya ziliishia vidole viwili chini ya ukingo. Nyasi kavu kidogo juu, fito, basi. Saa nane mchana, ndani ya banda, nyanya zilisoma nyuzijoto 24.

Msafirishaji alikubali kupakia saa mbili usiku badala ya saa kumi na moja jioni, na kukunja turubai kwa mbele ili upepo wa mwendo uingie. Kwa njia hiyo Ruaha Mbuyuni ilipitwa usiku sana, joto la bonde likiwa limepungua.

Sokoni tulifungua tena tenga la chini kabisa. Liliondoka na kilo 39. Zisizouzika zilikuwa kilo 3 na nusu, nyingi zikiwa na michubuko, na moja tu ndiyo iliyokuwa imepasuka. Katikati ya tenga palikuwa na nyuzijoto 25. Nyanya zilikuwa ngumu, zimeanza kupata wekundu wa kweli. Dalali aliinamisha tenga moja mbele ya wachuuzi ili waone chini, jambo ambalo kwa kawaida hakuna dalali anayelithubutu.

Sasa upande wa fedha, ambao si mwepesi hivyo. Nyanya zilezile zilijaza matenga mengi zaidi, kwa hiyo gharama ya matenga na nauli ilipanda. Vibarua waligharimu zaidi. Wachuuzi wawili walikataa wakisema tenga ni pungufu, na saa ya kwanza mzigo ulilala. Aliyenunua wa kwanza alitoa bei ndogo kuliko ya tenga la lumbesa. Walioona alichokikuta ndani walipandisha kidogo. Mwisho wa siku bei ya tenga ilikuwa chini kidogo ya ile ya majirani, lakini hakuna tenga lililouzwa kwa bei ya kutupa, na ukijumlisha na fedha ya sado za barabarani mama alilipa deni la mbolea na kubaki na kitu. Faida ilikuwepo ila haikuwa kubwa kiasi cha kumfanya jirani aige kwa kuona tu.

Ugumu ni huo hasa. Kwenye fuso lile kulikuwa na mizigo ya wakulima wengine, na mpakiaji asipoangaliwa anaweka tenga la lumbesa la mtu mwingine juu ya tenga lako ulilolijaza kwa adabu. Safari hii kijana mkubwa alisimama kwenye gari hadi safu zote zikafungwa, akihakikisha matenga yao yanakaa pamoja. Haiwezekani kufanya hivyo kila mara. Tena mwezi wa nane nyanya hazikuwa nyingi sana sokoni. Soko likifurika, mchuuzi ana matenga mia ya kuchagua, na macho yake yatarudi kwenye kichwa cha tenga.

Mvua zikianza mambo yatabadilika pia. Ugonjwa wa bakajani chelewa huingia kwenye tunda likiwa bado shambani, na nyanya inayoonekana safi mezani inaweza kutoa doa la kahawia ikiwa njiani. Kwa msimu huo mama ataruka mchumo mmoja pale dalili zinapoonekana kwenye majani badala ya kupeleka mzigo wenye ugonjwa Dar es Salaam, na dawa ya kunyunyiza itapangwa ili siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa ziishe kabla ya kuchuma. Kijana mdogo ndiye anayeandika tarehe kwenye daftari.

Kinachofuata ni tenga lenyewe. Sentimita 45 ni kina kikubwa mno hata bila lumbesa, na familia inataka la sentimita 30, lenye kitako kipana zaidi, ili nyanya zisipandane tabaka nyingi. Fundi wa matenga pale Ilula anakata mbao zote kwa kipimo kimoja, na kubadilisha kipimo kunampotezea siku ya kazi. Amesema atakubali oda ikifika matenga 200. Dalali amekubali kuyapokea kwa sharti kwamba yawe yamepigwa alama ya rangi pembeni, ili mchuuzi ayatambue na asiyalinganishe na ya lumbesa. Hadi naandika haya, familia nne zimejiandikisha kwa fundi na oda imefika 130.